Mikebe Chini ya Makaa

Mkebe wa kwanza ulimpata Kiponda juu ya jicho. Wa pili ulimng'oa jino. Alipojaribu kujibanza nyuma ya gunia la unga, Athman aliiruka kaunta, akamkaba koo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatwaa mkebe mwingine rafuni akaendelea kumtwanga.

"Wanipigiani, Athman? Nimekukosea nini?"

"Waniulia mwanangu, kisha wauliza!"

Mlangoni mwa duka ulilala mfuko aliokuja nao Athman, umejaa mikebe mitupu ya jodari. Aliifukua mchana huo jikoni kwake, chini ya makaa: arubaini na kitu, imeoshwa ikapangwa vizuri. Mtaa mzima hakuna aliyeiuza ila Kiponda.

Nasiba, mkewe Athman, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo zilitoka. Ile ya pili alianguka bafuni, au ndivyo majirani walivyoambiwa. Hii ya tatu Athman aliilinda kwa udi na uvumba. Nesi Phoebe wa kliniki alipowaeleza kwamba samaki wakubwa kama jodari hubeba zebaki, na kwamba mjamzito akiwazidisha zebaki humfikia mtoto tumboni ikamdhuru ubongo, Athman ndiye aliyeuliza maswali. Basi ale nini? Dagaa, tafi, mayai, kunde, pojo.

Nasiba aliuliza swali moja tu: na mtu mzima je, hadhuriki?

"Akila mwingi, kila siku, polepole humdhuru hata yeye," nesi alijibu. "Vidole hushika ganzi. Mikono hutetemeka."

Tangu siku hiyo Athman hakukosa sokoni asubuhi. Alileta tafi wabichi, mayai ya kienyeji, kunde za Mambrui, na kikapu alikibeba mwenyewe, anayetaka kucheka na acheke. Jioni alikaa barazani akaletewa sinia lake limefunikwa kawa, akala peke yake kama babake alivyokuwa akila. Nasiba alikula jikoni. Katlesi za samaki zilikuwa tamu ajabu, zimekolea pilipili na ndimu. Athman alijilamba vidole na kumshukuru Mungu aliyempa mke anayesikia.

Kumbe mke alikuwa akimzunguka! Roho ilimuuma, na kwa Athman roho ikiuma lazima pawe na mtu wa kuumia naye.

Majirani walimvuta wakamtoa juu ya Kiponda. Muuza duka alitema damu, akasema kwa shida, "Haki ya Mungu nilimwonya. Nilimwambia, dada, hii haifai kwa hali yako. Akanicheka."

Athman alirudi nyumbani mbio, damu ya mwenziwe ikimkaukia mikononi. Aliupiga mlango teke. Nasiba alikuwa mkekani akichambua pojo, na wala hakuinuka. Athman alimshika nywele akamwinua, pojo zikamwagika sakafuni, akambamiza ukutani.

"Umekula mingapi? Sema! Mwanangu umemlisha sumu mikebe mingapi?"

"Mtoto hana neno." Mdomo ulikuwa umempasuka, lakini sauti yake ilikuwa tulivu. "Mayai nimekula. Tafi nimekula. Kunde nimekula hata nimezichukia. Kila ulicholeta kwa ajili yake, nimekila mimi."

"Na huyo jodari?"

Athman aliinua mkono. Nasiba hakufumba macho kama siku zote. Aliutazama mkono ule kwa makini, kidole baada ya kidole.

"Jodari hafahamiki ndani ya katlesi," alisema. "Vidole bado havijashika ganzi, mume wangu?"