Pumzi za Nyuma

Kwenye mlima wa mwisho, Solfrid alizisikia pumzi za binti aliyekuwa nyuma yake. Zilikuwa tulivu mno.

Kwa miaka mingi hakuna aliyemshinda mbio za ski, zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea kwenye theluji, nchini Norwe. Leo alikuwa anaaga mashindano, na watu waliosongamana pembeni walipiga kengele wakiliita jina lake, moshi wa soseji za kuchoma ukiwafunika.

Mapaja yalimwaka moto. Makamasi yalikuwa yamemgandia juu ya mdomo. Lakini pumzi za nyuma hazikubadilika. Ndipo akaelewa kwamba binti yule alikuwa anamhurumia.

“Mbona hupiti?” alifoka bila kugeuka.

“Leo siku yako, dada.”

“Nani kakwambia? Mie nilipokuwa rika lako nisingemwachia hata mama yangu!”

“Lakini watu wote hawa wamekuja kwa ajili yako.”

“Wamekuja kuona mbio.”

Solfrid akazitoa ski zake kwenye njia iliyochongwa, zikazama katika theluji laini.

“Pita! Na ole wako upunguze mwendo.”

Binti akasita kidogo, kisha akapita kwa kasi ambayo Solfrid hakuitarajia. Theluji ikamrukia usoni.

Akajifuta, akarudi njiani, akaanza kumfukuzia.