Kikombe cha Pili

Hebu niambie, wewe ungefungasha vikombe viwili kwa safari ya mtu mmoja?

Verna alikuwa anakwenda na mtumbwi wake, mara ya kwanza peke yake, siku tano za kuvua samaki kwenye maziwa ya Temagami, huko Kanada. Kati ya ziwa na ziwa angebeba kila kitu mabegani, mtumbwi wenyewe ukiwemo. Hata mpini wa mswaki alikuwa ameukata kupunguza uzito.

Chini kabisa ya begi akakuta kikombe cha pili, cha bati, kimebonyea ukingoni, kimefichwa ndani ya soksi.

"Mzee, hiki cha nani?"

"Cha dubu," mumewe akajibu. "Pengine atataka chai."

"Dubu gani anavaa soksi zako?"

Mume akacheka, akakuna kidevu.

"Basi, mama. Nilitaka uniambie twende wote."