Mgonjwa Yuko Mazoezini

"Lesiamon, sindano yako ilikuwa ya moto kuliko yangu?"

Mume wangu amelala tangu asubuhi, mkono kaufunika shuka kama mtoto mchanga. Jana nesi wa kutoka Karatu alituchoma wote wawili chanjo ya mafua. Mimi nimeshakamua, nimeshateka maji, na sasa natikisa kibuyu cha maziwa nipate siagi, bega linawaka kama limepigwa rungu.

"Mkono unauma," akasema. "Niletee chai."

Chai!

Nikaacha kutikisa. "Nesi alisema tusiulaze mkono. Alisema tuufanyishe mazoezi."

"Humu ndani nitafanya mazoezi gani?"

Nikampakatisha kibuyu. Akakitazama kama nimempa nyoka. Kwetu kutikisa maziwa ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana anatikisa, rika lake litamcheka mpaka azeeke.

"Tikisa. Usipotikisa, leo huli wala hunywi humu."

Akachungulia mlangoni, akaanza taratibu, huku akikunja uso kila kibuyu kilipopanda.

Mara nikasikia hodi. Wanarika wenzake walikuja kumjulia hali. Akanyoosha mikono nimpokee kibuyu, macho yamemtoka.

Nikasogea pembeni.

"Karibuni ndani," nikaita kwa sauti. "Mgonjwa yuko mazoezini."