Mama Nani wa Geita?

"Andika," alisema mume wangu huku akinyoosha shati lake kwa pasi ya mkaa. Kadi zake za salamu za redio aliniachia mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Ukutani alitundika ramani ya Tanzania aliyoichora mwenyewe. Kila mji wenye rafiki yake wa salamu aliutia nukta nyekundu. Nukta ya Geita ilikuwa imechakaa kuliko zote, kama kitu kinachopapaswa kila siku. Nilikuwa sijamuuliza, ila nilikuwa naiangalia.

"Paskalia wa Tinde. Herman wa Kahama. Mama Zamoyoni wa Geita..."

Kalamu ikasimama. Zamoyoni ni jina la marehemu baba yake. Nimemzalia mabinti watatu, Tabu ndiye wa kwanza, na kila mara alisema jina hilo linamngoja mtoto wa kiume.

"Mama nani?"

Pasi ikatulia juu ya shati. "Aa, mwache huyo, Mama Tabu. Orodha imeshakuwa ndefu."

Shati likaanza kunuka kuungua. Hakuinua pasi.

Nikaliandika jina taratibu, herufi kwa herufi. Chini, penye jina la mtumaji, nikaandika: Baba Zamoyoni.

Kisha nikampa kadi aisome kwa sauti.