Gita Ndani ya Mashine

Fundi aliporudi karakanani na kikombe cha chai, hakuliona ndani ya mashine ya leza ganda la chaza aliloliacha likingoja kukatwa. Gita la mumewe ndilo lililolazwa humo, nyuzi zimeng'olewa, na mwale umeshaanza kulipita kifuani.

Alimwita mumewe kwa sauti, kwa mazoea tu, maana tangu homa kali imzibe masikio mwanamume huyo hasikii hata radi.

Fundi alikuwa amelipamba gita hilo kwa maua ya chaza, membamba kama ukucha, akitumaini mumewe atatamani kulipakata tena. Sasa maua yalipasuka moja baada ya jingine, yakitoa harufu ya mfupa unaoungua.

Akakiwahi kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Mumewe, aliyekuwa amesimama kando ya mashine, akamshika mkono, taratibu.

"Niache, mke wangu," alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiojisikia. "Kila nikilitazama linanisemesha, nami silisikii."

"Daktari kasema huenda masikio yakazibuka," fundi alimjibu polepole, apate kumsoma midomo.

"Hiyo 'huenda' haipigi gita."

Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya kitufe. Mbao ilikuwa haijatoboka. Angebonyeza tu, gita lingepona. Alimtazama mumewe, akaona kidevu kinavyomcheza kama cha mtoto anayejikaza asilie.

Harufu ya mfupa ikaisha, ikaanza ya mbao.

Fundi akakiondoa kidole.