Kopo la Bwana Maganda

Mjane alikoroga kikombe cha unga alioukuta kwenye kopo jikoni, akangoja mashapo yatuame. Marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Maganda, alikaanga na kuchemsha maganda ya kahawa miaka nenda rudi, akitafuta unga wa kahawa unaoyeyuka kwenye maji moto. Kila mara chini lilibaki tope.

Leo chini palikuwa peupe.

Shemeji yake alionja, akaonja tena.

"Hii ni kahawa kabisa, shemeji. Alifanyaje?"

Mjane aliutazama unga uliobaki koponi. Haukujaa kijiko.

Asubuhi ya siku aliyofariki, mumewe alimwita kutoka jikoni. "Mke wangu, njoo nikuoneshe nilivyofanya."

"Nimechoka na maganda yako," alimjibu, akaendelea kukunja nguo, hata hakugeuka.