Chemba ya Juu Kabisa

Kamba ilishuka kwenye chemba ya maji taka, kikopo kikajaa. Msichana waliyemwita Binti Chemba alikivuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika chupa. Kizibo alikifungua kwa meno, akakibana hapo hapo mdomoni mpaka chupa ilipojaa, kama kawaida yake.

"Hivi wewe pua huna?" aliuliza dereva, kajifungia ndani ya gari.

"Ninayo. Leo imeziba, nashukuru."

Dereva alicheka. Yeye hakucheka. Kirusi kipya kilikuwa kimeua watoto wachanga mji wa jirani, kule yeye na dereva walikokuwa wamekwenda kusaidia kuchota. Sasa maabara ilikuwa inakiona kwenye maji taka ya hapa. Kazi yake ilikuwa kulifuata bomba kwenda juu, chemba baada ya chemba, mpaka ijulikane kinatoka nyumba gani. Kila alikochota, kirusi kimo. Na bomba lilikuwa linapanda kuelekea kwa dada yake, aliyejifungua juzi juzi tu.

"Usimfungulie mtu," alimwambia dada yake kwa simu. "Hata mawifi."

"Watasema naringa."

"Waache waseme."

Akawa anamwendea dada yake sokoni yeye mwenyewe. Kila jioni alinawa mpaka viwiko, akampakata mtoto na kumbusu utosini wakati dada yake akioga.

Chemba iliyo chini ya nyumba ya dada yake nayo ikakutwa na kirusi. Juu yake ilibaki moja tu, mbele ya ghorofa jipya.

"Hiyo ikiwa safi, mdogo wangu, basi kinatoka kwa dada yako," alisema mama wa maabara. "Kikiwemo, kinatoka huko juu."

Alichota. Maji yalikuwa meupe kuliko yote aliyowahi kuchota. Aliipeleka chupa maabara, akasubiri.

Simu ya maabara ilipokuja, ilikuwa neno moja: "Kimo."

Alikaa chini pale pale barabarani, akalia kwa furaha. Kisha akakimbilia geti la ghorofa.

"Wakusanye watu wote wa humu," alimwambia mlinzi. "Wapimwe."

"Watu gani, dada? Hajahamia mtu. Vyoo vina kufuli, mimi mwenyewe naenda kuomba kwa jirani. Hayo maji ni tangi la juu linavuja."

Labda alikosea kuchota. Alirudi kwenye chemba, akashusha kamba upya. Kikopo kilipofika juu, kizibo kilikuwa tayari kati ya meno yake.

Akakitoa, akakitazama kilivyolowa mate, mpaka simu ilipolia tena.

"Mdogo wangu," alisema dada yake, "mtoto anachemka tangu asubuhi, hataki kunyonya. Na sijamfungulia mtu, nakuapia. Ni wewe tu."